Lenzi Iliyolala na Mikeka

Nyumbani kwa Kalolaine, kitu cha thamani kilikuwa na mahali pamoja tu pa kulala, ndani ya kasha la mbao alilorithi kwa mama yake. Humo mlikunjwa ngatu, zile nguo pana za gome la mti ambazo wanawake wa kijiji cha Kolonga huzigonga na kuzichora pamoja. Humo mlikuwa na mikeka laini ya kuvaa kiunoni, na chupa za mafuta ya nazi yenye manukato, zilizozibwa kwa vitambaa. Kwa hiyo kaka yake Penisimani alipomtumia lenzi ya kamera kutoka Auckland, hakujiuliza mara mbili ataiweka wapi.

Lenzi yenyewe hakupewa na kaka yake mkono kwa mkono. Aliletewa na Vika, binti wa Penisimani, aliyekuja kula Krismasi. Kalolaine na kaka yake walilelewa kizamani. Tangu walipobalehe hawakukaa chumba kimoja wala kutaniana, na neno la mmoja kwenda kwa mwingine lilipitia kwa mtu wa tatu. Hapakuwa na ugomvi wowote. Hiyo ndiyo heshima ya kaka na dada, na wao waliishika hata baada ya wengi kijijini kuilegeza.

"Shangazi," Vika alisema siku hiyo, akifungua kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana, "baba anasema hii inavuta mbali. Unaweza kusimama kule mlangoni ukampiga mtu picha kanisani mbele kabisa. Anasema uiache humu humu ndani ya kopo, na hivi vipakiti usivitupe, vinanyonya unyevu. Na uitumie mara kwa mara, isikae gizani."

"Nimesikia, mwanangu."

Alisikia, lakini lile kopo lilimkera. Makopo kama yale yeye aliwekea mabaki ya chakula. Zawadi ya kaka yake ikae kwenye kopo la mabaki? Vika alipoondoka, Kalolaine aliitoa lenzi, akaifunga kwa kipande cha ngatu kilichogongwa na mama yao, akailaza kashani katikati ya mikeka. Vile vipakiti alivitia kwenye debe la biskuti, maana msimu wa mvua biskuti zake zililegea kama mkate uliochovywa.

Kalolaine ndiye aliyekuwa mpiga picha wa Kolonga. Mtoto akitimiza mwaka, mzee akizikwa, kijana akirudi na shahada, waliitwa mchungaji na yeye. Lenzi yake ya kila siku ilikuwa ya bei nafuu, ile iliyokuja na kamera, na haikuwahi kufungwa kwa chochote. Ilining'inia na kamera yake msumarini, kando ya dirisha la jikoni, upepo ukiipiga na jua la asubuhi likiipitia. Lenzi ya kaka aliitunzia siku kubwa. Mvua za misimu miwili zilinyesha, na kasha halikufunguliwa ila kutoa mkeka wa msiba, tena kwa haraka.

Siku kubwa ikaja. Vika aliolewa Kolonga, na Penisimani akarudi nyumbani kumwoza. Katika harusi ya binti wa kaka, hakuna aliye juu ya shangazi. Kalolaine alitandikiwa mikeka mahali pa heshima, akaletewa tabaka la juu la keki, akafunikwa ngatu kubwa kuliko zote. Lakini kila mara aliinuka na kamera.

"We mwanamke, kaa!" rafiki yake Toakase alimkemea, mdomo umejaa nyama ya nguruwe. "Leo wewe ni wa kulishwa. Unakimbiakimbia kama kuku aliyeona mwewe."

"Nitakaa nikizeeka."

"Basi umechelewa kukaa."

Alisimama mbali, karibu na migomba, akaivuta lenzi ya kaka yake, iliyotoka kashani asubuhi hiyo, mpaka uso wa Penisimani ukajaa ndani ya kioo. Hakuwahi kumtazama hivyo tangu utotoni. Aliona mvi juu ya masikio, na kovu kidevuni. Kovu hilo alilipata siku alipoanguka kutoka mshelisheli, yeye Kalolaine akiwa chini anacheka. Kaka hakujua kama anatazamwa. Dada alimtazama mpaka machozi yakamlengalenga, na weupe aliouona ukitanda kwenye picha akadhani ni machozi hayo, au moshi wa matanuri ya ardhini yaliyokuwa yakifunuliwa nyuma ya nyumba.

Kesho yake, baada ya chakula katika nyumba ile ile ya harusi, Vika alizifungua picha kwenye kompyuta yake. Wanawake walijazana nyuma yake. Penisimani alikaa barazani, nje ya mlango, kama ilivyostahili.

Picha zote zilikuwa kama zimemwagiwa tui. Mwanga ulivuja kutoka kwenye gauni hadi kwenye nyuso, na nyuso zikayeyuka. Uso wa Penisimani, ule aliouvuta karibu hivyo, ulikuwa doa lenye macho mawili.

Vika alizipitisha picha taratibu, moja baada ya nyingine.

"Nzuri, shangazi," alisema hatimaye. "Zina mwanga mwingi. Siku hizi watu wanalipa wapate za namna hii."

Mtoto wa kaka hamwambii shangazi yake kuwa amekosea, na Kalolaine alijua kwamba msichana huyu angekufa na uchungu wake kabla ya kuutamka. Angekuwa mtu baki angelalamika, na ingekuwa nafuu.

Ndipo Penisimani, aliyesikia hayo, alipoinua sauti kule barazani, akimwambia binti yake lakini kwa kiasi cha kusikiwa na wote. "Mwambie shangazi yako ule moshi wa matanuri ulizidi jana. Hata mimi macho yaliniwasha."

"Kweli, moshi," wanawake wakapokea. "Moshi ulikuwa mwingi."

Wote wakamgeukia Kalolaine.

"Naam," alisema. "Moshi."

Alipofika kwake aliielekeza lenzi dirishani. Ndani yake, katikati ya vioo ambako kidole hakifiki, kuvu lilikuwa limetambaa kutoka ukingoni kuelekea kati, nyuzi nyembamba zenye matawi, kama mizizi ya gimbi iliyooshwa. Alifuta kwa kitambaa laini, akapuliza, akafuta tena. Kioo cha nje kiling'aa, na nyuzi zikaonekana vizuri zaidi. Alikunjua kile kipande cha ngatu, akaona vidoa vyeusi kwenye mikunjo. Kilinuka gome na mafuta ya nazi. Kila alichokitia humo kwa heshima ndicho kilicholisha kuvu.

Alifungua debe la biskuti, akauma moja. Ilivunjika kwa mlio, kavu kabisa.

Angeweza kusema siku ile ile. Alijiambia atasema kesho, na kesho wanawake walipokutana kugonga magome, habari ilikuwa imeshamtangulia.

"Mmeona picha za harusi?" Toakase aliuliza, nyundo yake ya mti ikiwa juu. "Bwana harusi anaonekana anapaa mbinguni hata ndoa hajaianza! Na mume wangu, aliyewasha matanuri, sasa hana amani. Kule wanaume wanakokunywa kava yao jioni wamempa jina, Bwana Moshi. Wanasema hatapewa tena nguruwe wa kuoka."

Wakacheka, nyundo zikakosa mdundo. Kalolaine naye alicheka. Alijisikia akicheka.

Jioni hiyo Falakiko, mume wa Toakase, alikuja mwenyewe, kiazi kikuu kirefu kikiwa begani. Hakuingia ndani. Alikilaza kizingitini, akasimama na kofia mkononi.

"Shemeji, nisamehe. Naapa kuni nilizikausha. Lakini pengine palikuwa na mbichi chache, sijui. Siku ya mtoto wetu nimeiharibu."

"Hujaharibu, Falakiko."

"Usinifariji. Nimeziona picha."

Maneno yalikuwa tayari mdomoni mwake. Lakini ndani, juu ya kiti, ilikuwa imekunjwa ile ngatu kubwa aliyopewa kwa kuwa shangazi, na Falakiko aliikodolea macho kwa adabu, kama mtu aliyemkosea mwenye nayo. Kalolaine akasema, "Asante kwa kiazi." Akakiingiza ndani. Kilikuwa kizito, akakiburuta.

Hakukipika. Kilikaa jikoni, na kila alipokwenda kuchemsha maji alikipita kama anayempita mtu anayemdai.

Jumapili baada ya harusi, maharusi huvaa upya mikeka yao na kwenda kanisani. Jumatatu Penisimani angepanda ndege. Baada ya ibada, Kalolaine alimwita Vika pembeni.

"Mwambie baba yako akae nawe pale kwenye nyasi, na mumeo. Nataka kupiga tena."

"Shangazi, si lazima. Zile zinatosha."

"Mwambie."

Wakatandika mkeka mbele ya kanisa. Penisimani akaketi, mikono juu ya magoti. Watu walisimama wakitazama, Toakase akiwa mbele, Falakiko nyuma ya wanaume wenzake. Kalolaine alikuwa na ile lenzi ya msumarini. Hiyo haikuvuta mbali. Ili nyuso zijae ilimbidi asogee hatua baada ya hatua, mpaka akawa karibu na kaka yake kuliko alivyowahi kuwa tangu walipokuwa watoto. Alisikia anavyopumua. Penisimani aliinamisha macho kumpa nafasi.

Aliinua kamera, akaishusha.

"Kaka," alisema.

Hata watoto waligeuka, kwa kuwa hawakuwahi kumsikia akimwita kaka yake.

"Haukuwa moshi. Kuni za Falakiko zilikuwa kavu. Ni lenzi yako. Uliniambia niitunzeje, nikaona kopo lako halifai, nikaifungia na mikeka. Imeota kuvu ndani, imekufa. Niliona siku ile ile nikanyamaza. Nikamwacha mwenzangu achekwe, na kiazi chake nikapokea."

Masikio yalimwaka. Alitamani mtu amtukane. Vika alishika mkono wa mumewe na kutazama maua aliyovaa shingoni.

Penisimani hakuinua uso. Damu ilimpanda shingoni, na Kalolaine akaona kwamba aibu yake amemvisha na yeye. Ule moshi aliusingizia ili dada yake asisimame hivi mbele za watu, na sasa amesimama.

"Vika," alianza, "mwambie shangazi yako..."

Akaiacha sentensi hapo.

"Piga, Kalolaine," alisema, macho yakiwa bado kwenye mkeka. "Jua linahama."

Akapiga mara moja tu.

Watu walipotawanyika Falakiko alimpita bila kusimama. Hatua kadhaa mbele akageuka. "Kile kiazi umeshakipika?"

"Bado. Nitakirudisha."

"Kipike. Tutakuja kukila, mimi na mke wangu." Hakutabasamu, na Kalolaine aliona ni haki yake.

Picha ilitoka safi mno. Kila uzi wa mkeka unahesabika, kila unywele wa Vika uko mahali pake, na kovu la kidevuni limekaa wazi kama la juzi. Macho ya Penisimani tu ndiyo hayaonekani, kwa sababu ameinama. Vika aliitundika ukutani kwake Auckland, na wageni humwuliza kwa nini siku ya furaha baba yake anatazama chini. Sijui huwajibu nini.

Lenzi iliyokufa haikurudi kashani. Kalolaine aliitundika msumarini jikoni, kando ya ile ya bei nafuu, na jua la asubuhi likipita ndani yake, zile nyuzi huonekana.