Wilbaro ya Mtoto

Kuzaa si kazi, kazi kulea, husema watu, na wanaolisema hilo kwa sauti kubwa zaidi ni wale ambao hawajafanya lolote kati ya hayo mawili. Mimi niliziona zote ni kazi. Lakini kuna ya tatu ambayo wahenga waliisahau, na hiyo ndiyo iliyotaka kuninyang'anya mwanangu: kumtoa mtoto mikononi na kumweka mgongoni.

Nina saluni ndogo Nchiru, kule Meru, upande wa hosteli za wanafunzi. Nasuka, naosha, nabandika, na kutwa nzima mikono yangu imo kichwani mwa mtu. Kwa hiyo nilipojifungua kijana wetu wa kwanza, baba yake alipanga nikae kwa mama yake Kianjokoma, kule Embu, mpaka nipate nguvu. Chuo kikifunguliwa, wateja wakirudi, nami nirudi kazini. Ulikuwa mpango mzuri, kama mipango yote inayopangwa na mtu ambaye yeye mwenyewe hatakuwepo. Alibaki Nchiru akila chipsi.

Mama mkwe wangu ni mjane, na tangu mtoto azaliwe kila mtu alimwita Cucu, yaani bibi, nami pia. Mimi ni Mmeru, yeye Muembu, na lugha zetu zinasikilizana vizuri. Hata hivyo Cucu aligawa lugha zake kwa utaratibu: Kiembu kwa mapenzi, Kiswahili kwa hukumu. Wiki ya kwanza nilisikia Kiembu kitupu. Alinipikia njahi, yale maharagwe meusi ya kumwongezea mzazi maziwa, kisha njahi, na kati ya njahi na njahi kulikuwa na sufuria ya uji ambayo haikuwahi kuisha. Nilipoomba chapati aliniuliza, kwa Kiswahili, "Chapati iko na maziwa ndani?" Nikasema haina. "Sasa mtoto atanyonya nini, unga?"

Wageni nao walikuja kuona mtoto. Walikuja na ndizi, sukari na maoni. Mtoto aligawanywa vipande kama nyama ya harusi: pua ni ya marehemu babu yake, masikio ni ya ukoo huu, vidole virefu ni vya shangazi fulani aliyesoma. Nikauliza kwa adabu kama kwetu Meru kumepata chochote. Mama mmoja alimtazama vizuri akasema, "Hiyo kulia. Huku hatuliangi hivyo."

Na kila mgeni, kabla ya kuondoka, alifanya kile kitendo. Alimchukua mtoto, akainama, akamrusha mgongoni kama mtu anayevaa koti, akavuta leso juu yake, akafunga, akaenda kuchungulia ng'ombe. Wengine walifanya hivyo huku wanatafuna ndizi. Kuna sekunde moja hapo katikati ambapo mtoto hayumo mkononi wala hayumo kwenye leso. Mwenye mtoto kwa sekunde hiyo ni Mungu peke yake, nami sikutaka kumsumbua Mungu kwa jambo kama hilo mara sita kwa siku.

Niliogopa. Sina namna nyingine ya kulisema. Nilimbeba kijana kwa mbele, mikono miwili, viwiko nje, kama mhudumu wa hoteli aliyebeba sinia ya chai ya mkurugenzi. Mficha uchi hazai, walisema wazee. Mimi nilikuwa nimeshazaa, nikaona basi naweza kuendelea kuficha. Nikisikia "Mbona humbebi?" nilisema kidonda cha uzazi bado. Kidonda kilipopona nikasema mgongo. Mgongo ulipokosa kuaminika, nilimpigia baba mtoto simu, naye akaja Jumamosi na suluhisho lenye magurudumu manne.

Kilikuwa kigari cha mtoto, mtumba, cha buluu, kina neti ya mbu na kijishimo cha kuwekea kikombe cha kahawa ya mama anayetembea huku anakunywa kahawa. Kianjokoma tunalima kahawa, lakini sijamwona mtu akiinywa akitembea. Cucu alikizunguka mara moja bila kukigusa.

"Hii ni wilbaro ya nini?"

"Ni ya mtoto, mum," mwanawe akasema.

"Na huyu mama yake, mgongo yake ilipelekwa wapi?"

Mwanawe alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu lilikuwa swali la haki.

Safari ya kwanza ya wilbaro, maana jina lilishika siku ileile, ilikuwa kwenda kanisani kumshukuru Mungu kwa ajili ya mtoto. Kijana alivalishwa sweta mbili, kofia mbili, soksi mbili, kisha akafunikwa shali, mpaka kilichobaki kuonekana kilikuwa pua ya marehemu babu yake. Njia ya kanisani ni ya mawe. Kigari kilitetemeka na mtoto akatetemeka ndani yake, nyimbo zake za kilio zikitoka kwa vituo. Mlangoni mzee wa kanisa alikitazama kwa heshima ya mtu asiyejua kama anachoangalia ni baiskeli au kitanda. "Mama, vitu ya magurudumu tunaweka pale," akasema, akinionyesha mahali pikipiki zilipoegeshwa. Basi nikakiegesha kati ya bodaboda mbili, nikaingia na sinia yangu ya chai. Ndani, akina mama waliketi na watoto wao mgongoni, wametulia kama magunia ya viazi yaliyofungwa vizuri. Tulipotoka nilimkuta mtu amenilindia gari langu, anataka kujua linakula mafuta gani.

Nilijua wanasema nina maringo. Msusi wa mjini, mtoto hawezi kuguswa na leso. Maneno hayo yalinichoma, lakini si kama yale niliyoyasikia jioni moja nikikoroga uji. Cucu alikuwa uani akiongea na mwanawe kwa simu. Yeye haamini kwamba simu inafikisha sauti mpaka Meru, kwa hiyo huisaidia.

"Atasuka watu na mkono gani? Atashika nywele ama atashika mtoto? Wilbaro haiwezi ingia kwa saluni. Aende kazi. Mtoto abaki na mimi, ng'ombe iko na maziwa."

Kisha akasikiliza, na nikamngoja mume wangu anitetee. Cucu akasema, "Ee. Hata wewe umeona hivyo."

Uji uliungua. Nilitamani kubishana, lakini ningebishana na nini? Saluni ni chumba kimoja, viti viwili na kioo. Mtoto angekaa mgongoni au angekaa Kianjokoma. Chuo kilikuwa karibu kufunguliwa, na mimi, mama yake, nilimwogopa mtoto wa kilo tano.

Kesho yake Cucu alipokwenda kuchuma majani chai, nilijifungia katika stoo ya mahindi, nikiwa na leso na boga, au malenge kama wanavyoliita huku. Niliinama. Nikaliweka kiunoni, nikalisukuma kupita chini ya kwapa, nikaachia mkono kutafuta leso. Boga liliamua kurudi shambani. Lilipasuka vipande vitatu, na kwa namna nilivyopiga kelele mtu angedhani ni mtoto kweli. Tulilila mchana, likiwa limechemshwa.

"Hii malenge ilianguka?" Cucu akauliza.

"Ilianguka, Cucu."

"Ilikuwa imefanya nini?"

Nikasema sijui. Akajiongezea kipande kingine.

Asubuhi iliyofuata, mlangoni pa stoo palikuwa na boga lingine, dogo kidogo, ngozi ngumu. Juu yake paliwekwa leso kuukuu iliyofuliwa mpaka ikalainika, ile isiyoteleza. Nililichukulia kuwa ni kejeli, nikakasirika, na kwa hasira hiyo nikalibeba boga lile mpaka adhuhuri. Lilianguka mara nyingi lakini halikupasuka. Siku zilizofuata palikuwa na boga kila asubuhi, na kila asubuhi nilimlaani mwenye kuliweka. Mwishoni nilikuwa hodari sana wa kubeba mboga. Mtoto bado nilimbeba kwenye sinia.

Siku ya chanjo nilikataa kusindikizwa. Zahanati iko chini, kwetu ni juu, na kushuka kulikuwa raha: jua, kigari kikiteleza, mama mmoja akinisalimu "Dereva!" Kijana alidungwa, akalia kwa Kimeru, akalala. Wingu lilitukuta tukianza kupanda. Anayejua udongo wetu mwekundu anajua kwamba ukilowa haukuruhusu kupita, unakualika ubaki. Magurudumu ya mbele yalijaa tope, yakawa maandazi, yakagoma. Nikasukuma, nikavuta. Matone yakaanza kupita kwenye neti. Kijana aliamka, mguu ukimuuma, akatoa kilio ambacho sikukijua.

Kianjokoma ni mahali ambapo mtu hapigi chafya bila maboma matatu kumjibu. Siku hiyo niliangalia juu, nikaangalia chini, hakukuwa na mtu. Mikono miwili nilihitaji ya kumkinga, na mingine miwili ya kupandia mlima ule usije ukaniangusha naye. Nilikuwa na miwili tu.

Niliichukua leso iliyomfunika kigarini, nikapiga magoti kwenye tope, ili kama ni kuanguka, aanguke karibu. Nikainama mpaka paji la uso likakaribia kugusa majani. Nikamweka kiunoni, nikampitisha chini ya kwapa, na hapo ikafika ile sekunde. Niliachia. Alikuwa na joto na uzito, na tofauti na maboga yote niliyoyajua, alinishika. Vidole vile virefu vya shangazi aliyesoma vilikamata blauzi yangu na havikuachia mpaka leso ikapita juu, nikakaza, nikafunga fundo kifuani. Alinyamaza hapohapo. Aliyelia ni mimi, njia nzima, kwa furaha na kwa woga uliochelewa kutoka.

Wilbaro niliikokota nyuma yangu, tupu. Kwenye kibanda cha kupimia majani chai wanawake walikuwa wamejikinga mvua, wakaniona: mtoto mgongoni, gari lake linaburutwa.

"Kwani wilbaro imechoka?" mmoja akapaza sauti.

"Imepata pancha," nikajibu, na walicheka mpaka nikacheka.

Cucu nilimkuta tayari yuko njiani, ana mwavuli na gamabuti, anashuka mbio kuliko umri wake. Alisimama aliponiona. Alizunguka nyuma yangu, kama alivyolizunguka gari siku ile, na nikangoja sifa.

"Umemfunga chini," akasema. "Anaona matako yako tu. Ataonaje dunia?"

Akampandisha kwa viganja viwili, akakaza leso, akatushikia mwavuli sisi wawili yeye akilowa. Jioni nilimsikia tena kwa simu, na safari hii hakuisaidia sana. "Ameweza," alisema. "Ee. Wataenda wote." Kisha akachukua ndoo akaenda kukamua ng'ombe. Ng'ombe huyo hutoa maziwa kidogo, lakini Cucu alikaa bandani mpaka uji ukapoa.

Hapo ndipo maboga yalinirudia akilini, moja baada ya jingine, na ile leso isiyoteleza. Mtu aliyetaka mtoto abaki angeniachia stoo tupu.

Baba mtoto alikuja kutuchukua na gari la kukodi. Majirani walijaza buti kwa ndizi, viazi na njahi, hasa njahi. Nilikuwa mlangoni, na kwa madaha ya mtu aliyefuzu nikainama, nikamrusha kijana mgongoni, nikafunga. Nilipoinua kichwa nilimwona Cucu amesimama mbele yangu, amenyoosha mikono yote miwili kumpokea anibebeshe. Alikuwa ameikausha kwenye aproni. Mikono ilibaki hewani kidogo, kisha akaitumia kunirekebisha kola ambayo haikuwa na tatizo.

Nilifungua lile fundo, nikamwambia, "Cucu, nimemfunga chini tena. Nifungie wewe." Alinifungia, na hakufanya haraka.

Mume wangu alikuwa anahangaika kukikunja kigari kiingie juu ya ndizi. Kilikuwa safi. Tope lote lilikuwa limetolewa, hata kwenye misumari ya magurudumu, na neti ilikuwa imefuliwa.

"Hiyo muache," Cucu akasema.

"Lakini mum, si ulisema hii ni wilbaro?"

"Ni wilbaro. Na ni yake." Alikinyang'anya, akakikunjua. "Mtu huacha vitu yake mahali atarudi."

Gari lilipoondoka niligeuka kumwangalia Cucu, kijana nimeshamfungua, amelala mapajani mwangu. Bibi yake alikuwa amelivuta chini pazia la neti, anaisukuma wilbaro tupu kurudi nyumbani, akipunguza mwendo kwenye kila jiwe.