Tulivyomtoa Kambini

Msichana wetu alikuwa na miaka kumi na mmoja alipoomba kwenda kambi ya kanisa huko Khwisero, likizo ya Agosti. Siku tano tu, alisema. Ana selimundu, ugonjwa wa damu ule ule uliomchukua kaka yake kabla yeye hajaanza kutembea, na hakuwa amewahi kulala mbali na nyumba yetu ya Lurambi.

Baba yake alikataa. Mimi ndiye niliyemshawishi. Nilimfungia msichana sweta mbili, blanketi na dawa zake, na mwalimu wa kambi nikampa karatasi: anywe maji mengi, asinyeshewe, asikimbie sana. Msichana alitazama kando nikiitoa.

Tukabaki wawili. Mvua ilinyesha kila alasiri, na kila ilipoanza mume wangu alisimama mlangoni akiitazama. Nilipika ugali, ukapoa.

Siku ya tatu mwalimu akapiga simu. "Mama, msiwe na wasiwasi. Asubuhi aliumwa na kichwa kidogo, akapumzika, sasa anacheza. Nimeona tu niwajulishe."

Nilipokata simu, mume wangu alikuwa ameshavaa viatu.

"Amesema anacheza," nikamwambia.

"Hata yule mwingine alikuwa anacheza."

Nikajifunga kitambaa, tukaondoka pamoja.

Tulimkuta uwanjani na wenzake, wakiruka kamba, miguu imejaa matope. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka vile. Alipotuona alisimama katikati, kamba ikamgonga miguuni. Hakuuliza tumefuata nini. Mwalimu alitusihi tumwache amalize zile siku mbili, lakini baba yake alikuwa tayari amebeba blanketi.

Tulipokaribia nyumbani ndipo akasema, "Wenzangu hawakuwa wanajua kama mimi ni mgonjwa. Sasa wanajua."

Miaka mitatu imepita. Mwaka jana, kambi ilipotangazwa kanisani, nilimwambia, "Ukitaka, mwaka huu utaenda."

"Hapana, Mama. Niko sawa hapa." Alisema kwa upole, akinishika mkono, kana kwamba mimi ndiye niliyehitaji kutulizwa.

Baba yake alishusha pumzi. Siku hizi msichana haendi hata kwa shangazi yake kule Mukumu. Tungependa kumwambia aende, lakini bado tunaogopa, na yeye anatusoma usoni kabla hatujafungua mdomo.