Kipa wa Chumba cha Kufulia

Dokia Sawchyn alijua kudaka kabla hajajua kusoma, na si kwa kupenda. Alikuwa kitinda mimba katika nyumba ya wavulana watano, na kwenye kidimbwi nyuma ya zizi, kilichoganda tangu Novemba hadi Machi, kitinda mimba ndiye anayesimamishwa golini. Kisahani cheusi cha mpira, kile cha dukani kinachochezewa hoki ya barafuni, hawakuwa nacho. Walipiga kwa magongo yao kinyesi cha farasi kilichoganda, ambacho ni kigumu kama jiwe, na asiyekizuia kwa mkono alikizuia kwa uso. Dokia alijifunza upesi kutumia mkono.

Mvua ilipogoma miaka mitano mfululizo na udongo wa shamba ukapeperuka ukaenda zake, baba yake alimpeleka mjini kutafuta kazi. Hivyo ndivyo alivyofika Chuo Kikuu cha Thornleigh mwaka 1937, akiwa na miaka kumi na tisa, akiingilia mlango wa nyuma: kufua mashuka ya bweni la wasichana.

Nje ya chumba cha kufulia palikuwa na uwanja mdogo wa barafu, usio na paa. Hapo ndipo timu ya hoki ya wasichana ilipoachiwa ifanye mazoezi, maana ule wenye paa ulikuwa wa wanaume, na nani angethubutu kuwaomba wanaume wasogee? Kamba za kuanikia zilipita kando yake. Kila kisahani kilichopotea njia kilitua kwenye mashuka, nayo mashuka kwa baridi ile yalikuwa yamekakamaa kama mbao, yakipigwa yanapasuka. Shuka la tatu lilipopasuka, Dokia alitoka na ule mti mpana wa kukorogea nguo, akasimama mbele ya kamba.

"Nyie! Mnafikiri haya mashuka yanajifua yenyewe?"

Kisahani kikaja. Akakipiga, kikarudi kilikotoka. Kikaja kingine, cha juu, akakidaka kwa mkono uliokuwa bado na povu la sabuni, akawatupia.

Nahodha wao, Isobel Fairlie, binti wa daktari, mrefu kama mlingoti na mwenye amri zake, alisimama akamtazama.

"Jean, hebu piga tena," alimwambia mwenzake. "Piga kwa nguvu."

"Nitamuumiza bure, mtoto wa watu."

"Piga, nakwambia!"

Jean alipiga mara sita. Hakuna shuka lililoguswa. Wasichana wakacheka, wakapiga makofi, wakarudi mchezoni, na Dokia akarudi kwenye mapipa yake. Ingekuwa imeishia hapo, lau Muriel Tarrant asingeteleza kwenye ngazi za bweni mwezi Februari akavunjika kifundo cha mkono.

Muriel ndiye aliyekuwa kipa wa timu, na kipa alikuwa huyo huyo mmoja. Zilibaki mechi nne za kombe la vyuo vikuu vya huku magharibi. Kipa wa pili hapakuwa na fedha za kumvisha, na sheria ilikuwa fupi na wazi: achezaye awe mwanafunzi, la sivyo timu hainyang'anywi mechi tu, hunyang'anywa na kombe.

Isobel alimfuata Dokia kulekule kwenye mvuke.

"Dokia, dada yangu, nataka kukuomba kitu, lakini usipige kelele."

"Kama ni sketi yako, bado mbichi."

"Si sketi. Nataka udake. Utavaa jezi ya Muriel, kofia tutakushushia mpaka kwenye nyusi. Muriel amekubali. Jina ni lake, kazi ni yako."

"Na wakinisemesha?"

"Usijibu. Ukifungua tu mdomo wako, hata mtoto mchanga atajua umetoka mashambani kwa Waukraine. Ndani ya uwanja, bubu. Tumeelewana?"

Walielewana. Sasa, kipa asiyesema ni balaa, kwa sababu kipa ndiye anayeona uwanja mzima, naye ndiye anayewapigia kelele mabeki wake. Dokia akabuni lake. Aligonga gongo kwenye barafu: mara moja, adui anakuja kushoto, mara mbili, kulia, mara tatu, ondokeni mbele yangu sioni. Mechi ya kwanza mabeki walichanganyikiwa. Ya pili wakaelewa. Ya tatu walicheza kana kwamba wana macho kisogoni.

Fainali ilichezwa kwenye ule uwanja wenye paa, watu wamejaa, pumzi zao zikipaa kama moshi wa jikoni. Thornleigh walishinda mawili kwa moja. Sekunde za mwisho Dokia alijitupa chini, akazuia kwa goti, kikamrudia tena mshambuliaji, akazuia kwa bega, kikamrudia tena, akakilalia. Kengele ikalia. Wenzake wakamrukia, wakamwangukia, wakamkumbatia, na kwa kuwa watu walikuwa wanawasikia, walimwita kwa nguvu zao zote: "Muriel! Muriel!" Chini ya rundo lile Dokia alicheka, kisha akalia, na hakuna aliyeweza kutofautisha. Mara moja tu katika maisha yake watu elfu moja walimshangilia, na walimshangilia kwa jina la mtu mwingine.

Kesho yake walipiga picha. Dokia ndiye aliyezipiga pasi jezi zote kumi na moja. Muriel alikaa katikati, kombe mapajani, mkono wa plasta umefichwa nyuma ya bega la Isobel. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Na yule aliyekuwepo, lake likawa halipo vilevile? Hilo wahenga hawakulisema, nami nawalaumu kidogo.

Miaka ikaenda. Vita vikaja, uwanja wenye paa ukapewa askari, timu ya wasichana ikafa, ikachukua karibu miaka thelathini kufufuka. Dokia aliolewa na Stefan wa ghala la ngano, wakazaa binti mmoja, Halyna. Usiku wa harusi yao alimwambia mumewe siri yake. Stefan alikuwa mtu mwema, lakini alicheka mpaka akashika mbavu. "Wewe, kipa? Na kuku wanakupita kila siku mlangoni!" Hakumwambia tena. Isobel alifariki mwaka 1961. Stefan naye akafariki. Dokia akabaki na goti la kulia lililouma kila baridi ilipozidi, na hamu moja ambayo hakuwahi kumtajia padri: kwamba kabla hajazikwa, mtu mmoja, hata mmoja, aseme kwa sauti kuwa alikuwa yeye.

Majira ya baridi ya 1988 aliona tangazo gazetini. Kocha wa timu ya wasichana ya Thornleigh, Carole Penner, alikuwa anakusanya historia ya timu, miaka hamsini tangu kombe. Mwenye picha, mwenye kumbukumbu, apige simu. Dokia alipiga. Aliandaa pirohi, zile sambusa za kuchemsha zenye viazi ndani, akatandika kitambaa cha Pasaka, akajiambia: leo.

Carole alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, macho mekundu ya kukosa usingizi. Alikula pirohi saba bila kubembelezwa, jambo lililomfanya Dokia ampende palepale. Kisha akaweka ile picha mezani.

"Unawakumbuka, bibi? Huyu Muriel Tarrant, kipa. Yuko hai, mtakutana siku ya sherehe. Dada huyu ndiye kinga yetu, nakuambia kweli."

"Kinga ya nini?"

"Chuo kinataka kuifuta timu. Kamati inakaa Machi. Wanasema hoki ya wasichana haina mizizi hapa, ni mchezo wa juzi. Nikawaambia, mizizi? Tuna kombe la 1938! Wanaume wetu hawajaleta kombe hata la chai." Akacheka bila furaha. "Basi mzee mmoja wa kamati ameanza kuchokonoa. Anataka orodha nzima, ahakikishe wote walikuwa wanafunzi. Akipata mmoja tu ambaye siye, kombe linafutwa kwenye vitabu. Nimeangalia majina yote kumi na moja. Safi. Leo nitalala kwa mara ya kwanza tangu Krismasi." Akainua uso. "Haya, bibi, wewe ulikuwa nani pale?"

Dokia alikuwa amelibeba neno lile miaka hamsini. Alilifikisha mpaka kwenye meno. Akauona uso wa yule binti, ukisubiri kwa adabu, pirohi ya mwisho mkononi.

"Nilikuwa nafua," akasema. "Mashuka. Na jezi."

"Aa, safi! Hizo habari pia tunazihitaji," alisema Carole, akaandika.

Sherehe ilifanyika Jumapili ya mwisho ya Februari, kwenye ukumbi wa juu ya uwanja. Dokia aliketi mstari wa tatu, Halyna kando yake akimtengenezea kola. Wasichana ishirini wa timu walisimama ukutani na jezi zao. Mbele, kwenye kiti cha magurudumu, Muriel Tarrant, nywele nyeupe zimetengenezwa vizuri, aliombwa asimulie fainali. Akasimulia. Alisimulia goti, akasimulia bega, akasimulia kukilalia kisahani, na alisimulia vizuri, maana aliona yote akiwa amejificha kati ya watazamaji, na tangu hapo alikuwa amewasimulia watoto wake, kisha wajukuu. Akafika kwenye kengele. Ndipo macho yake yalipomwangukia Dokia. Akaachia hapohapo, akafuta macho. Watu wakadhani ni machozi ya furaha, wakapiga makofi.

Wakati wa chai alijisukuma mwenyewe mpaka kwenye kona aliyokaa Dokia. Halyna alikuwa amekwenda kuleta keki.

"Dokia."

"Umezeeka, Muriel."

"Nawe hukubaki nyuma." Akasogeza kiti karibu zaidi. "Mimi sikuliomba hili. Nilisema mara moja, nikiwa na miaka ishirini, halafu likawa linasemwa tu. Kuna siku naamini kabisa nilikuwa mimi. Niseme? Nikitaka nitasema sasa hivi, watu wote wapo."

Hapo, ndugu msomaji, ndipo haki ya mtu ilipowekwa kiganjani mwake. Wazee husema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Dokia alipewa. Akawatazama wale wasichana ishirini. Mmoja, kipa wao, binti mfupi mwenye mashavu mekundu, alikuwa amesimama mbele ya ile picha akiigusa kwa kidole.

"Kaa kimya," Dokia alisema. "Watoto hawa wana mechi Jumamosi."

Muriel alishusha pumzi. Ilikuwa pumzi ya nafuu, na Dokia aliiona, na iliuma kuliko yote. Si kwamba alimchukia. Alitaka tu Muriel asitulie upesi vile.

Kamati ilikaa Machi kumi na nne. Ilisifu historia tukufu ya timu ya wasichana, ikashukuru waliokusanya historia hiyo, ikaifuta timu kuanzia mwaka wa masomo unaofuata. Kombe lilibaki kwenye vitabu. Kwa nini wasilibakishe? Kombe halili chakula wala halihitaji barafu. Carole alipiga simu kumwarifu, akalia simuni, na Dokia akamfariji kwa maneno ambayo watu husema. Baada ya kukata simu aliketi jikoni na koti lake mwilini mpaka giza likaingia. Kitu pekee alichowahi kuwa nacho alikitoa, na kilichonunuliwa kwacho kilikuwa upepo. Angeweza kusema sasa, hakuna tena wa kuumia. Lakini angemwambia nani, na kwa faida gani? Kumvua marehemu timu hata sanda yake? Aliwasha taa, akavua koti.

Muriel Tarrant alifariki mwaka uliofuata, Novemba. Halyna alikuja Jumamosi kama kawaida yake kumsomea mama yake gazeti, kwa kuwa macho ya Dokia yalikuwa yamepungua.

"Mama, yule bibi wa kiti cha magurudumu amefariki. Wameandika vizuri. 'Anakumbukwa kama kipa shujaa wa fainali ya 1938, ambayo hakufungwa hata bao moja.'"

"Moja liliingia," Dokia alisema.

"Hapa wanasema hakuna."

"Liliingia, kipindi cha pili. Chini ya goti la kushoto. Msichana mwenye mkia wa nywele. Niligonga mara mbili, Jean akasikia mara moja, akaenda upande mwingine. Si kosa la Jean. Kelele zilikuwa nyingi mno." Mkono wake wa kulia ulikuwa umejikunja juu ya meza, umeshika kisichokuwepo. "Ningelizuia. Nilichelewa kushuka."

Halyna aliliweka gazeti chini polepole. Alimtazama mama yake, goti la mama yake, kisha mkono ule.

"Mama," alisema, "kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia, mwanangu. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, tulikuwa tunaosha vyombo." Dokia alimpapasa shavu. "Ulicheka kama baba yako."