Bunduki ya Makengeza

Enzi zetu, sisi tuliozaliwa upande wa Beni pale shamba linapoisha na pori linapoanza, kijiji kizima kilikuwa na bunduki mbili tu. Ukisikia mlio, hukukimbia. Ulisimama na jembe lako mkononi ukasikiliza. Kama mlio ulikuwa mzito, wa kujivuna, hiyo ilikuwa bunduki ya muzee Katembo, mnunuzi wa kahawa. Kama ulikuwa mkavu, tah!, kama mtu amevunja ubao, hiyo ilikuwa ya baba yangu, na sisi watoto tulianza kucheza palepale, maana ile sauti ilikuwa nyama. Mimi ni Masika. Ninyi wa rika langu mnaosoma haya, mko Butembo au Lubero au mbali zaidi, mnajua ninachosema.

Bunduki ya tata, ndivyo kwetu tunavyomwita baba, ilikuwa ya bei ya chini, tena chini kweli. Alitoa mbuzi watatu na gunia la kahawa kwa mtu mmoja aliyekuwa anahama, akarudi nayo begani, anatembea kama mtu aliyeoa mara ya pili. Hayo ni maneno ya mama, si yangu. Ilikuwa ile ya risasi moja moja: unainua chuma cha pembeni, unakivuta nyuma, unakisukuma mbele, ndipo risasi inaingia. Kitako chake kilikuwa cha mti mweupe usio na rangi, kama mwiko wa kusongea bugali. Kile chuma kilikuwa kigumu, kilikataa kufunguka mpaka tata akipake mafuta ya mawese, kwa hiyo bunduki yetu ilinukia jikoni. Ya muzee Katembo, weee! Mti mwekundu wa kung'aa, na lunette juu ya kutazamia mbali, na kitambaa chake cha kuifutia ambacho hata mke wake hakuruhusiwa kukigusa.

Mara moja kwa mwezi, siku ya posho, yaani Jumamosi, wote wawili walipima bunduki zao. Tata alitundika lungo la zamani, ungo wa kupepetea, kwenye mgomba, akalichora alama ya makaa katikati, akahesabu hatua hamsini, akalala tumbo chini. Risasi tatu tu, kwa sababu risasi zilitoka kwa kibali cha bureau, ofisi ya serikali, na kibali kilitoka kwa kusubiri. Kisha tulikimbia kwenda kuona. Matundu matatu yalikaa pamoja, uliweza kuyafunika yote kwa kiganja kimoja. Shida ni kwamba yalikaa mbali na alama, kiganja kizima upande wa kushoto. Iwe jua, iwe mvua, yalikuwa palepale. Ya muzee Katembo ilipiga moja katikati, moja pembeni ya lungo, na moja ilikwenda kuua mgomba. Yeye alisema ni upepo.

"Paluku, bunduki yako iko na makengeza!" alimcheka tata. "Gonga kale kajino ka mbele na nyundo, ukasukume kushoto kidogo, itanyooka."

Kajino, ndicho kile kichuma kidogo mwisho wa mtutu, cha kulengea. Tata alitikisa kichwa.

"Mais, lakini juu ya nini? Hii yangu inasemaka uongo moja tu, kila siku ule ule. Minaujua. Minalenga kiganja moja kuume, basi, nyama inaanguka. Ya kwako inasema ukweli leo, kesho uongo. Utaiamini namna gani?"

Na kweli, katika miaka yote ile sikumwona tata akirudia risasi. Aliwinda pamoja na mdogo wake, baba mudogo Kambale. Huyo alikuwa mtu wa mbwa na vicheko. Alinimenyea miwa kwa meno yake, akanifundisha kupiga mluzi ingawa mama alisema msichana hapigi mluzi. Nguruwe wa pori wakiingia katika mihogo ya mtu, baba mudogo aliingia kwa upande wa msitu na mbwa wake, wana kengele za mti shingoni, anapiga kelele, na tata alisimama juu ya kichuguu mwisho wa shamba. Nguruwe anatoka. Tah! Kwisha. Kabla ya kugawa, kichwa kilipelekwa kwanza kwa mwenye shamba lililoharibiwa, hata kama mligombana naye jana. Nyama zilipangwa juu ya majani ya migomba, kila nyumba fungu lake, na mama alipika ya kwetu na sombe, majani ya mihogo, na mawese mpaka mbwa wa jirani walikuja kukaa mlangoni kama wageni walioalikwa. Watoto wangu wa leo wanaua watu hamsini ndani ya telefone kwa kidole gumba kabla uji haujapoa, na ukimpa mmoja wao kuku amnyonyoe anakuita umsaidie. Basi, nawacheka, lakini nawapenda.

Mimi nilimpenda tata kupita kiasi, na hapo ndipo ubaya ulipoanza. Shuleni walinitania. Mtoto wa muzee Katembo alifumba jicho moja, akapindisha lingine, akatembea akigonga madawati: "Njo bunduki ya kwabo Masika!" yaani, ndiyo hii bunduki ya kwetu. Darasa zima lilicheka. Nilikuwa na miaka kumi. Nilirudi nyumbani nalia, na njiani nikaamua kwamba nitamsaidia tata.

Ilikuwa Jumatano, baada ya masomo. Tata alikuwa kwenye kikao cha kanisa, mama kisimani. Nilipanda kigoda, nikaishusha bunduki ukutani, haikuwa na risasi. Nikachukua nyundo yake ya kutengenezea viatu, nikaweka kitambaa juu ya kajino ili kasichubuke, nikagonga mara mbili, kushoto, kama nilivyomsikia muzee Katembo. Kalisogea kiasi cha unywele. Nikairudisha. Sikusema neno. Nilitaka Jumamosi akute matundu matatu katikati ya lungo, mbele ya kila mtu, na afikiri ni Mungu. Jamani, nililala na furaha ile siku!

Nguruwe hawakungoja Jumamosi. Waliingia Ijumaa asubuhi katika mihogo ya baba mudogo mwenyewe. Sisi tulikuwa darasani, madirisha wazi. Tulisikia tah!, na tukaanza kucheza kwenye madawati, mwalimu naye anacheka. Kisha tukasikia mbwa wanalia, kisha sauti ya mwanamke. Ilikuwa ya mama mudogo Kavira, mke wa baba mudogo.

Tata alisimulia baadaye. Dume kubwa lilitoka likimjia uso kwa uso. Akalenga kiganja kimoja kuume, kama kila siku. Risasi ilipita ubavuni, ikalichana ngozi tu. Lile dume likageuka, likarudi ndani ya mihogo, na humo ndimo baba mudogo alikuwa anakuja nyuma ya mbwa, amekwisha kuweka mkuki begani, anacheka, kwa sababu tangu miaka ile yote, baada ya mlio ule hakukuwa na kitu cha kuogopa. Lilimpasua paja. Wanaume wanne walimbeba kwenye kipoyi, machela ya miti, wanakimbia kwa zamu kwenda hospitali. Alikufa kabla ya kufika darajani.

Siku ya kuzika, tata alisimama mbele ya kijiji kizima. "Bunduki haina kosa," alisema. "Njo jicho yangu. Jicho yangu imekwisha. Mimi njo nimemuua mudogo wangu." Mimi nilikuwa nyuma ya mama, nimeshika kikwembe chake cha kiunoni. Neno lilinijia mpaka kwenye ulimi. Nikalimeza.

Hakupiga risasi tena maisha yake yote. Aliifunga bunduki ndani ya blanketi, na bureau ilipoita silaha zote, yeye alikuwa wa kwanza kwenda kuitoa. Hakuipima tena, kwa hiyo hakujua. Na si bunduki peke yake. Zamani yeye ndiye aliyeitwa kuangalia kama nguzo za nyumba zimenyooka, kama mistari ya kahawa haikupinda. Sasa wakimwita alijibu, "Mutafute mutu mwingine, mimi jicho hapana." Kila mwaka alilima shamba la Kavira kwanza, ndipo la kwake. Nilimwangalia akiinama pale na nyundo ile ilikuwa inagonga ndani ya kifua changu.

Vita vilitutoa kule. Sasa tuko Butembo, mtaa wa Kimemi, tata na mama walihamia kwangu, na Kavira anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mashamba yetu yamerudi kuwa pori. Mama alitangulia. Wakati wa mvua iliyopita tata alianza kukohoa, na asubuhi moja, tumekaa uani, mimi namenya viazi vya Lubero, niliona mikono yake imekonda sana nikaogopa.

"Tata," nilisema, "kale kajino ka bunduki. Mimi njo nilikagonga. Na nyundo. Siku mbili mbele ya baba mudogo kufa."

Aligeuza kiti chake kunielekea.

"Ulikasukuma wapi?"

"Kushoto."

"Kiasi gani?"

"Kama unywele."

Aliinua mkono wake wa kuume polepole, akafumba jicho moja, akalenga nguzo ya jiko kama alivyolenga lungo zamani. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha mkono ukashuka, na machozi yakashuka nao.

"Donc, kumbe ilipiga kule nilielekeza."

"Ndiyo, tata. Jicho yako haikukosa."

"Ulikuwa na miaka ngapi?"

"Kumi."

"Kumi," alisema. Akajifuta uso kwa mkono wa koti. "Kavira asijue. Batoto ya Kambale basijue. Tumesema ni jicho yangu, tutasema vile vile. Mimi nimeshazoea kubeba hii mambo. Wewe ungali na njia murefu."

Alikufa kabla maharagwe hayajakomaa. Tulimzika hapa Butembo, maana barabara ya kwenda kulala karibu na mdogo wake haipitiki. Nyumbani, jeneza likiwa bado sebuleni, mzee mmoja wa kanisa alisema yale yaliyosemwa siku zote: mtu mwema, mtu wa imani, ambaye jicho lilimkosesha mara moja tu. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mama mudogo Kavira, mzee sasa, alikuwa amekaa kando yangu. Akanishika mkono.

"Ile jicho yake, nilishamusamehe zamani," aliniambia sikioni.

Tata alinikataza, najua. Nilikuwa nimemtii vizuri sana, miaka yote, hata kabla hajanikataza. Safari hii sikuweza. Nilimwambia palepale, na wale waliokaa karibu walisikia: "Mama mudogo, jicho yake haikukosa hata siku moja. Ilikuwa mukono yangu." Nikamweleza yote, kigoda, kitambaa, nyundo. Alinitazama. Kisha akauachia mkono wangu, polepole, na mpaka leo hajaushika tena. Ananisalimu, mais kwa mbali. Lakini hapa Kimemi wakitaja jina la tata, hakuna tena anayetaja jicho.

Watoto waliokimbia kutoka Beni wanatambua bunduki kwa mlio kuliko sisi tulivyotambua zile mbili zetu. Watakutajia hii ni ipi na iko mbali gani, na hakuna anayecheza. Enzi zetu bunduki ikimwumiza mtu, mwenyewe alisimama mbele ya kijiji akasema ni mimi, hata kama si yeye. Leo zinalia kule upande wa mashamba yetu, watu wanazikwa, na hakuna anayesimama.