Siku Wamarekani Walipompeleka Bibi Hospitali

Mwaka ule dunia ilipoadhimisha miaka hamsini tangu Wamarekani watie mguu mwezini, mjukuu wangu alinijia jikoni, kwetu Mabela, hapa Omani, na simu mkononi. Kwenye simu mna mtu kavaa kama gunia la pamba, anarukaruka. "Bibi, wewe siku hii ulikuwa wapi?" Nilikuwa nakaanga vitunguu vya pilau, na vitunguu havingoji mtu. Nikamjibu: nilikuwa Matrah, juu ya paa, nautafuta mwezi nisiuone. Akacheka, akadhani namfanyia mzaha. Wallahi sikumfanyia mzaha, na wewe kaa kitako nikuhadithie, maana siku ile haikuwa ya Wamarekani peke yao. Ilikuwa ya bibi yangu pia.

Tulitoka Unguja mwaka wa sitini na nne, mimi mtoto wa miaka minne. Nyumba yetu ya Matrah ilikuwa na vyumba viwili, ua mdogo, na paa bapa ambalo wakati wa joto ndilo lililokuwa chumba chetu cha kulala. Umeme hatukuwa nao. Kazi yangu kila alasiri ilikuwa kupandisha ndoo za maji, kuyamwaga juu ya sakafu inayounguza, kisha kutandika mikeka. Harufu ya udongo ulioloa inapanda, chini mama anapika wali na mchuzi wa papa mkavu, na majirani juu ya mapaa yao wanaitana kwa Kiswahili na Kiarabu, sentensi moja lugha mbili. Tulikuwa hatuna kitu, na sikumbuki kukosa kitu.

Bibi, mama yake mama, alikuwa na sifa moja aliyotoka nayo Unguja: kuuona mwezi mwandamo kabla ya mtu yeyote. Wanawake wa mtaa wetu walimwamini kuliko mzinga wa ngomeni uliopigwa kutangaza mwezi. Ukifika mwisho wa mwezi, saa za Magharibi, wanasimama juu ya mapaa yao wakimwangalia yeye badala ya kuangalia mbingu. Bibi ataunyoosha mkono: "Ule pale! Mwembamba kama ukucha!" Na ada yake nyingine: ukishauona mwezi, geuka upesi umtazame usoni mtu unayempenda, ndio mwezi wako utakuwa wa kheri. Mtu wake nilikuwa mimi.

Sasa nikwambie siri niliyoitunza kwa miaka miwili. Bibi alikuwa haoni. Mtoto wa jicho alimtanda macho yote mawili, mboni zimekuwa kama maji ya mchele. Mwezi nilikuwa nauona mimi. Tumesimama, ameushika mkono wangu chini ya kanga. Nikiuona nauelekeza mkono wake polepole, naye anapaza sauti. Kisha ananigeukia, ananitazama usoni, na mimi najua hanioni, hata meno yangu ya ukubwani yameota bila yeye kuyaona.

Mama alijua macho ni mabovu, hakujua kama yamefika huko. Alimbembeleza aende kwa daktari wa Kimarekani pale hospitali ya wamishonari, watu wakipasuliwa macho na kurudi wazima. Bibi hataki kusikia. "Kisu machoni? Mimi si samaki!" Kumbe alikuwa anaogopa mpaka anaweweseka usiku, nilikuwa nalala naye, nilijua. Mwaka ule alikwisha kuanguka ngazini mara mbili, na mara ya pili alitoka damu kichwani. Nilikuwa nasubiri ya tatu kwa hofu kubwa kuliko nilivyomwogopa mwalimu wa chuo cha Kurani na bakora yake.

Jirani yetu alikuwa karani wa bandarini zamani kule Unguja, na ndiye mwenye redio. Siku zile redio haikupigwa kwa fujo Maskati, serikali ilikuwa haizipendi. Alikuwa akiifungua taratibu, kaifunika kitambaa, akituletea habari pamoja na rutabu, tende mbichi zilizoiva, za shamba la mkwewe. Mwaka wa sitini na tisa, joto limeshika kweli kweli, akaja na habari kwamba Wamarekani wamerusha watu kwenda mwezini. Mama akaichomekea hapo hapo: watu hao hao wanaoweza kwenda mwezini, Bibi hawaamini kwa jicho?

Bibi akawaka. "Lo! Nisikilizeni nyote. Namuwekea Mungu nadhiri: Mmarekani akitia mguu mwezini, mimi nitakwenda nikampe macho yangu ayapasue apendavyo!" Jirani akaweka chini kikombe cha kahawa. "Bi Mkubwa, tumeshuhudia." Mdomo uliponza kichwa, lakini siku ile alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga, kwa vile alivyokuwa na hakika.

Ikafika asubuhi yenyewe, yapata saa moja. Sisi sote uani, mandazi yamepoa kwenye sinia, hakuna anayekula. Redio inakwaruza, sauti inapotea inarudi, halafu msomaji habari akasema kwa Kiswahili safi kwamba mtu anatembea mwezini. Jirani akapiga takbiri, mama akajiziba mdomo. Mimi nikapanda ngazi mbio, nikawaone. Nikazunguka paa zima, mkono kwenye paji la uso. Mwezi haupo! Nikapiga kelele kutoka juu: "Bibi, mwezi wenyewe haupo!"

Furaha ya Bibi huwezi kuisema. "Mwezi haupo, wametua wapi? Juu ya kichwa cha nani?" Jirani akaeleza kwamba mwezi wa tarehe tano ukitua usiku, asubuhi hauonekani, utatoka baadaye, jioni utauona. "Basi tutaonana jioni," akasema Bibi, akajichukulia andazi.

Jioni paa letu lilijaa. Wanawake wa mtaa mzima walikuja, wengine na watoto mgongoni. Mwezi ulikuwepo, karibu nusu, umetulia juu ya majabali upande wa magharibi. Bibi akasogea mbele ya watu, na mkono wake ukaanza kunitafuta chini ya kanga.

Nikaificha mikono yangu nyuma.

Sijui nilipata wapi moyo ule. Nilikuwa nalia kabla hata hajanikosa. Akapapasa kushoto, akapapasa kulia, halafu akainua mkono kwa ushujaa, akanyoosha kidole baharini. "Ule pale! Na hauna mtu!" Hakuna aliyecheka. Watu wote wamesimama, mwezi uko nyuma ya kisogo chake. Jirani akasema kwa upole sana, "Bi Mkubwa, si upande huo."

Bibi akaketi juu ya mkeka. Akajifunika kanga usoni, na mimi nikadhani hatanisemesha tena maisha. Mwisho akasema, "Haya. Muungwana ni vitendo. Nipelekeni kwa huyo Mmarekani."

Daktari, kwa Kiarabu chake cha kuchekesha, aliuliza kwa nini mgonjwa amechelewa hivi. Mama akamhadithia nadhiri yote, naye akacheka mpaka akashika meza. Bibi akamwambia mama, "Mwambie wenzake wamefika juu kule, asije yeye akashindwa na jicho la kizee." Walimpasua, wakamlaza na mifuko ya mchanga huku na huku ya kichwa asikitikise. Na mimi, niliyekuwa nakwenda kumlisha uji, hakunitaja hata mara moja kwa jambo lile la mikono.

Ulipokuja mwandamo wa Ramadhani alikuwa na miwani mizito kama vitako vya chupa. Tukapanda paani. Akanishika mkono kama zamani, nikataka kumwelekeza, akauminya. "Niache. Nautafuta mwenyewe." Akautafuta, akautafuta, roho yangu juu. Kisha akaunyoosha mkono, sawasawa kabisa, na sauti yake ikafika mapaa yote, na vigelegele vikapasuka kabla ya mzinga wa ngomeni. Akageuka upesi kunitazama, kama ada. Macho yake nyuma ya miwani yamekuwa makubwa, yamejaa machozi. "Kumbe una mwanya!" akasema. "Mwanya wa babu yako! Na ulikuwa unanificha?"

Paa lile halipo tena, wala jirani, wala redio yake. Mwandamo siku hizi unaingia kwenye simu, nasi tumo ndani na kiyoyozi. Siku ile ya vitunguu nilimaliza pilau, usiku nikamchukua mjukuu wangu juu ya nyumba, tukapenya katikati ya matangi ya maji. Nikamwambia aiweke simu chini, autazame mwezi, kisha anitazame mimi. Miaka tisa tunakula sinia moja, macho yake kwenye simu. Akanitazama kwa muda, akatabasamu. "Bibi," akasema, "una mwanya."