Baridi Iliyomwingia Mke Wangu

Shule sikukaa. Nilianza kwa kubeba chumvi kichwani, Saadani hadi Mkange, na leo lori langu ndilo linalobeba. Nyumba yangu ilipata bati wakati mtaa mzima umo kwenye makuti. Kwa hiyo mke wangu alipoanza kunenepa, nilifurahi. Wanawake walimwambia, "Mwenzetu unalishwa!" nami nikaona wamesema kweli.

Kumbe haukuwa unene. Kope zilimvimba, nywele zikamtoka, sauti ikawa nzito. Jua la kaskazi, sisi tumevua mashati, yeye amejifunika blanketi. Mwanamke aliyekuwa akimaliza kupika, kufua na kunisema kabla sijanywa chai, sasa anasinzia na mwiko mkononi. Mama yangu akasema, "Mvivu huyo. Umemdekeza na bati lako."

Nikampakia kwenye lori hadi Dar es Salaam, kwa daktari Mhindi. Akampapasa shingo, akatueleza: hapa kooni pana tezi ndogo, kazi yake kuuchochea mwili kama moto chini ya chungu. Yake imezimika, ndiyo maana kila kitu kinakwenda polepole, moyo, tumbo, hata fikira. Akampa vidonge vya tezi kavu ya mnyama, vifanye kazi ile. "Kila siku, maisha yake yote."

"Mnyama gani?" mke wangu akauliza.

Daktari hakuficha. "Mara nyingi nguruwe."

Nyumbani nilimbembeleza, nikafoka, chupa hakuigusa. Ikabidi nimwite shehe. Akasikiliza, akasema, "Mwanangu, hii ni dharura. Aliyedharurika hana dhambi. Meza."

Akameza. Wallahi, baada ya miezi michache blanketi lilirudi sandukuni, naye akaanza kunisema tena: "Bwana, lori unaliosha kila Ijumaa. Miguu yako je?" Nilichinja, nikalisha mtaa, karamu ile inasimuliwa hadi leo.

Vidonge nilivileta mwenyewe kila niendapo Dar. Kipupwe kilipoingia akalitafuta blanketi, nikadhani ni kipupwe tu. Hata siku moja nikamkuta amelala juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Nikafungua kabati. Chupa zimejaa.

"Mbona hivi, mke wangu?"

Akajibu akilitafuta kila neno. "Shehe alisema dharura. Nimepona, bwana. Dharura imekwisha. Nikiendelea, nala nguruwe kwa hiari yangu."

"Umepona kwa sababu ya hivyo vidonge! Daktari alisema maisha yote."

"Daktari hajui dini. Nawe hukukhitimu Kurani. Mimi nimekhitimu."

Nikalitia lori moto kumfuata shehe. Alikuwa Makurunge, mazikoni, nikamngoja hadi watu walipotawanyika. Tuliporudi, mke wangu alikuwa hazinduki. Mwili baridi kama mtungi.

Shehe akamwinamia. "Mwanangu, dharura haijakwisha. Wanisikia? Haijakwisha." Nikamtia kidonge mdomoni, nikamdondoshea maji. Alifariki kabla ya adhana ya alasiri.

Mwanamke aliyemwosha alinijia mlangoni, amekunjua kiganja.

"Hiki kilikuwa shavuni," akasema. "Hakukimeza. Nimemsukutua vizuri, ametoharika."