Mlango Niliopitishwa Kwenye Hoteli ya Binti Yangu

Admin, ukiposti hii usiweke jina yangu, na ya binti yangu nimeacha makusudi. Niko na miaka 51, mama wa watoto wanne, naishi Kitengela. Shule niliachia darasa la tano, kwa hivyo mkiona makosa mnisamehe. Naandika polepole.

Sisi akina mama wa shanga tuko na umoja wetu, vikundi vya kutoka Kajiado mpaka Magadi. Tukiwa na mkutano kubwa, mimi ndio natumwa kutafuta hoteli. Nilianza kwa kupikia kikundi chai, halafu wakaona kitu nikiona sisahau, wakasema wewe ndio utakuwa macho yetu. Sasa ni mwaka wa sita.

Huwa sipigi simu wala sibebi barua. Navaa shuka yangu, shanga na akala za tairi, nabeba kikapu, nafika kama mama yeyote. Halafu naangalia. Hoteli ziko na tabia kama watu. Kuna moja Nairobi sakafu inang'aa mpaka unaogopa kukanyaga, lakini ukiuliza choo wanakuangalia miguu kwanza. Kuna ingine ya zamani, zulia imechakaa na lifti inalia, lakini mhudumu alinivutia kiti akaniuliza kama nimetoka mbali. Hapo tumekutana mara tatu na hakuna mama alirudi nyumbani amenuna. Kuna ingine ni kama ile jamaa imetajirika juzi, inacheka na wewe mlangoni lakini haikuambii uingie. Nikirudi, akina mama wananiuliza swali moja kabla ya chakula, kabla ya vitanda: ulipitia mlango gani, na nani alikusalimia?

Sasa binti yangu wa pili anafanya kazi reception kwa hoteli kubwa huko Nairobi. Yuko kwa majaribio, inaisha mwezi huu. Hoteli yao ilikuwa kwa orodha yangu ya mkutano ya siku tatu inayokuja, akina mama karibu mia. Nikasema moyoni, huyu nisimwambie naenda, nisije nikapendelea. Niiangalie kama zingine. Hapo ndio nilikosea, ama sijui kama nilikosea.

Nilifika getini asubuhi. Askari alikuwa kijana wa kwetu, akanisalimia kwa heshima kwa Kimaasai, "Takwenya, yeyo," yaani hujambo mama. Nikaitika. Nikamwambia naingia ndani. Akapiga simu ya hapo getini, na ile simu inatoa sauti kubwa. Akasema kuna mama hapa na shuka na kikapu. Nikasikia sauti ikijibu, "Si hapa mbele. Wale mama wa shanga wanapitia nyuma, mwambie asisimame hapo wageni wakiingia."

Ilikuwa sauti ya binti yangu. Mimi ndio nilimzaa, siwezi kuikosea.

Yule askari akaangalia chini. Akaniambia, "Yeyo, usinikasirikie, ni maagizo."

Ningerudi nyumbani. Lakini kazi ni kazi, nikapitia nyuma. Na wacha niseme ukweli, huko nyuma walinikaribisha. Jikoni ni safi, wapishi walinipatia chai kwa kikombe kubwa, mmoja akasifu shanga zangu. Mlango ya jikoni ilikuwa wazi kidogo na nikamwona. Alikuwa amesimama na ile blauzi nyeupe, anacheka na wazungu wawili, amependeza. Niliona fahari na machozi yakanitoka wakati huo huo. Hakuniona. Nikamaliza chai nikatoka na ile njia niliingilia.

Jumapili alikuja nyumbani kama kawaida. Akanikumbatia, akapika chapati, akanikanda miguu. Ni mtoto mzuri huyu, msimtukane kwa comments. Halafu akaniambia meneja wao amesikia mkutano yetu inatafuta mahali, na amesema akiileta kwao, ataajiriwa kabisa.

"Mum, si wewe ndio wanasikiza? Sema tu neno moja."

Nikamuuliza, "Hiyo hoteli yenu, mama kama mimi akikuja, anapitia wapi?"

Akacheka. "Wewe? Wewe utapitia mbele. Wewe ni mgeni wangu."

"Na yule mwingine?"

Akageuza chapati. Akasema hizo ni sheria za hoteli, alizikuta hapo, na mtu akiwa kwa majaribio habishani. Nilitaka kumwambia ni mimi nilikuwa getini. Mdomo ikakataa. Kwa sababu nilikumbuka siku alipata hiyo kazi, ni mimi nilimwambia asiwaambie mama yake hakusoma na anashona shanga, wasije wakamdharau. Labda alinisikiza sana.

Alhamisi kamati inakutana Kajiado na lazima nisimame niwaambie. Nikiikataa hoteli, watauliza sababu, na habari za kwetu hazikai, itamfikia meneja na mtoto wangu atarudi nyumbani bila kazi. Nikiisifu, kuna kina nyanya kwa umoja wetu wamewahi kufika Nairobi mara moja tu maishani, watashuka hapo na shuka zao wakielekezwa nyuma kama mzigo, na ni mimi niliwapeleka. Nikimwambia binti yangu ukweli, naogopa hataweza kuniangalia tena, na mimi ndio namtegemea anikande hii miguu.

Wazazi wenzangu, na nyinyi mnaofanya kazi kwa hoteli, nishaurini, nifanye nini? Najua vile itakuwa Alhamisi. Mwenyekiti ataniangalia aniulize ile swali yetu, mlango gani, na nani alikusalimia. Nitamjibu nini?